MUULIZE MWALIMU: "Bikozi", mbalamwezi na kamba ya mtumbwi

Toleo hili nilikusudia kujibu barua za ngeli, ambazo zimelundikana. Lakini barua nne zimenijia zikizunguka neno moja tu la Kiingereza, "because", na mwenzake wa Kiswahili "kwa sababu", nami nikaona ni dhambi kuzitawanya. Nimekaa nazo barazani kwangu Nyakato, Mwanza, tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili.

*Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa pale mwaloni Kirumba. Baadhi ya wateja wangu wanatoka nchi jirani, tunaelewana kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Juzi nilimwambia mmoja, "Dagaa no, bikozi moon," akaelewa, akachukua kilichokuwepo. Mwanangu wa kidato cha pili akacheka mpaka akakaa chini. Anadai hakuna "bikozi", kuna "bikaz", kaisikia kwenye sinema. Basi nikafungua madaftari yake. La Kiingereza kaandika "becouse", la Kiswahili kaandika "kwasababu" kwa kuliunganisha, na kalamu nyekundu imepita kote kuwili. Sasa nani mjuzi hapa? Na hilo neno lilitoka wapi? — Mama Dagaa, Kirumba*

Marahaba, mama, na pole kwa mbalamwezi. Wasomaji walio mbali na ziwa wajue kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Dagaa huifuata taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, na taa ya mvuvi haina jipya la kuwaambia. Kwa hiyo "Dagaa no, bikozi moon" ina tokeo, ina kiunganishi, ina sababu, na mnunuzi alitoa pesa. Nimefundisha Kiingereza miaka 31, na wako niliowaacha bila kuwafikisha hapo.

Tuanze na matamshi. Waingereza wengi hulitamka "because" kama "bikoz", kwa o fupi. Wamarekani wengi husema "bikaz", na wengine wao huivuta ile o. Mwanao kasikia Marekani, wewe umerithi Uingereza kupitia walimu wako, na hakuna aliyekosea. Ile i ya mwishoni ndiyo yetu wenyewe. Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti, ndiyo maana tuna shati, benki na soksi. Na kuna jambo ambalo halimchekeshi mwanao kwa kuwa hajalisikia: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unasema bi-KO-zi, Mwingereza naye anakaza palepale, bi-KOZ. Umeongeza irabu bila kuuhamisha mkazo. Maneno mengi ya Kiingereza tukiyavalisha irabu zetu mkazo unaruka kama chura, lakini hili limetulia.

Mwingereza akiwa na haraka, ile "bi" anaimeza, inabaki "koz" tu, na hata o yenyewe inafifia mpaka huisikii vizuri. Usimlaumu. Sisi nasi tunasema "sijaja, sababu mvua," ile "kwa" tumeiacha nyumbani.

Nisichokubali ni "bikosi", kama vile tunaita kikosi cha zimamoto. Herufi s hapo ni z, sawa na katika "rose" na "cheese". Na nisichokubali zaidi ni "be-ka-u-se", herufi kwa herufi, ingawa namuelewa anayesoma hivyo, maana Kiswahili kimemzoesha kwamba kila herufi ina kazi. Kiingereza kina herufi ambazo ni wastaafu, zimekaa tu.

Sasa asili yake, na hapa naomba uvumilivu, maana ndipo panaponinogea mimi.

"Because" ni maneno mawili yaliyooana. La kwanza ni "by", neno la Waingereza wenyewe tangu kale, ambalo hapa lina kazi ya "kwa" yetu. La pili ni "cause", yaani sababu, nalo ni mgeni: limetoka Kifaransa, na Kifaransa kililipata kwa Kilatini, *causa*, ambalo Warumi walilitumia kwa sababu na pia kwa shauri la mahakamani. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa walivuka bahari wakaiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa wakubwa na mahakama zao walizungumza Kifaransa. Kabla ya hapo Mwingereza akitaka kutoa sababu alitumia fungu la maneno lililojengwa juu ya "for", lenye maana kama "kwa hilo kwamba". Kufikia karne ya 14 alikuwa ameshachukua lile "cause" la wageni na kulifunga kwenye "by" yake, kwa kufuata Wafaransa waliosema *par cause de*. Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, alikuwa bado anaandika "by cause", na hati za zama zile zinatenganisha. Baadaye yakagandana.

Unaona mama ninakokwenda? "By cause". Kwa sababu.

"Kwa" ni yetu, ya Kibantu, haina ukoo ng'ambo. "Sababu" ni mgeni aliyekuja na majahazi, *sabab* ya Kiarabu. Na Waarabu nao husema *bisababi*, ambapo *bi* ni "kwa". Yaani Mwingereza na Mswahili, kila mmoja pwani yake, walimpokea mgeni wa baharini, wakachukua jina la kitu, wakaacha kile kineno kidogo cha mbele kiwe cha nyumbani. Ile *bi* ya Kiarabu na "be" ya Kiingereza zinafanana kwa sura tu, si ndugu. Nasema mapema kwa sababu najua kuna msomaji wangu mmoja pale Igoma atakayeniandikia kwamba Kiingereza chote kilitoka Uarabuni.

Na kuna la ziada ambalo wewe wa mwaloni utalipenda kuliko sisi wengine. Maana mojawapo ya zamani ya *sabab* katika Kiarabu ni kamba: kitu cha kushika ili ukifikie kingine. Sasa nikipita mwaloni nikaona mitumbwi imefungwa kwenye vigingi, huwa najisemea, ile pale imetulia kwa sababu, yaani kwa kamba.

Bibi yangu, mzaliwa wa Magu, hakuwahitaji Wafaransa wala Waarabu. Yeye alisema *kunguno*, yaani "kwa sababu" kwa Kisukuma, kisha akakupa sababu, na mara nyingi fimbo ilitangulia sababu.

Turudi kwenye madaftari. "Becouse" inaandikwa kwa sikio: mtoto kasikia o, kaweka o. Nilipoanza ualimu nilifundishwa kuwakaririsha wanafunzi sentensi ya Kiingereza ya tembo, *Big Elephants Can Always Understand Small Elephants*, ambayo herufi za mwanzo za maneno yake zinaunda "because". Niliifundisha miaka mingi. Matokeo yake nilipata wanafunzi waliokumbuka tembo wote na kusahau neno. Mwambie mwanao tu kwamba ndani ya neno hilo kuna "cause", sababu, na "cause" haina o. Akishaiona hataandika "becouse" tena. Hiyo "be" nayo ataikuta kwa ndugu zake: "beside" ni kando ya ubavu, "before" ni mbele, na hata "but" tunayoitupia kila mahali ilianza kama "be" na neno la "nje", yaani "nje ya hilo".

Kuhusu "kwasababu" iliyogandana, mwalimu wake yuko sahihi. Kwa Kiswahili sanifu cha leo ni maneno mawili, aandike hivyo na alama azipate. Mimi mwenyewe nimeikata kwa wino mwekundu miaka 31. Ila nitakunong'oneza: kosa hilohilo la mwanao, kugandisha kihusishi na nomino, Waingereza walilifanya karne zile na leo ndilo tahajia sahihi, na anayetenganisha ndiye anayekatwa alama. Tangu nilipolijua hilo wino wangu umekuwa mwepesi kidogo. Sijaacha kukata.

*Shikamoo babu Mwalimu. Niko kidato cha nne, Nyegezi. Mwalimu wetu anasema ni marufuku kuanza sentensi kwa "Because". Nimeandika "Because I was sick, so I did not come to school" akakata. Nikaandika "Because I was sick." akakata pia. Nifanyeje? — Mtahiniwa*

Marahaba mjukuu wangu. Kakata vizuri mara zote mbili, ila sababu aliyokupa siyo.

Kuanza kwa "Because" si kosa. "Because I was sick, I did not come to school" ni Kiingereza safi, na waandishi wakubwa wamefanya hivyo tangu zamani. Walimu tunaweka marufuku kwa uvivu. Darasa lina watoto wengi, nusu yao wataandika "Because I was sick", waweke nukta, waende zao kucheza mpira. Hicho ni kishazi tegemezi, kimesimama mguu mmoja. Ukimwuliza mtu kwa mdomo, "Kwa nini hukuja?" naye akajibu "Kwa sababu niliumwa," amejibu, maana swali lako ndilo mguu wa pili. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna wa kukuuliza. Badala ya kufafanua hayo mwalimu anasema marufuku, na mimi nilisema hivyohivyo kwa miaka, Mungu anisamehe.

Ile sentensi ya kwanza ndiyo yenye somo. Umeandika "because" na "so" pamoja, na najua ulikoitoa: umeitoa nyumbani. Kwa Kiswahili tunasema, "Kwa kuwa niliumwa, *basi* sikuja," na inapendeza. Tunasema, "Ingawa mvua ilinyesha, *lakini* tulifika," na watu wanaitikia kwa kichwa. Kiswahili hupiga kasia pande zote mbili za mtumbwi. Kiingereza kinataka kasia moja: ukishaweka "because", acha "so", ukitaka "so", ondoa "because" useme "I was sick, so I did not come." Vivyo hivyo "although" ikikaa mwanzo, "but" haina nafasi. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa Sengerema, Magu na Ukerewe, na kosa hili nimelikuta kote, tena kwa wale wenye Kiswahili kizuri zaidi. Wasiojua Kiswahili vizuri hawalifanyi sana, maskini, hawana cha kuhamisha.

Ongeza na hili kabla hujaingia chumba cha mtihani. "Because" hufuatwa na kishazi chenye kitenzi chake: *because it rained*. "Because of" hufuatwa na jina: *because of the rain*. Kiswahili chako kinakusaidia, maana "kwa sababu" na "kwa sababu ya" zinaachana palepale. Hakuna anayesema "kwa sababu ya niliumwa". Basi usiandike "because of I was sick".

Ukisoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 usishtuke. Kwenye Mathayo 20:31, wale vipofu wawili wanakemewa na umati *because they should hold their peace*. Hapo "because" ina maana ya "ili": ili wanyamaze. Neno lilikuwa na kazi hiyo pia, likaiacha. Usilitumie hivyo Novemba.

*Mwalimu mambo vipi. Mimi dereva wa bodaboda, Buzuruga. Kuna Mzungu nilimbeba, nikamwuliza mbona hana raha, akasema "because Monday." Tu. Hiyo ni lugha? Na mimi nikiandika "kwa 7bu" kwenye simu ni lugha?*

Poa, kijana, ingawa shikamoo haikati mafuta.

Ni lugha, ya utani. Miaka ya karibuni wenye Kiingereza chao wamezoea kuweka "because" na jina tupu, bila "of", kana kwamba sababu inajieleza. Ilishika kasi kiasi kwamba wataalamu wa American Dialect Society, chama cha Marekani cha wachunguzi wa lugha, walipokutana Minneapolis Januari 2014, walilichagua "because" kuwa neno la mwaka 2013 kwa ajili ya matumizi hayo tu. Neno la miaka 600, limepewa zawadi kama mtoto mchanga. Wewe umelisikia bure, juu ya pikipiki.

"Kwa 7bu" naisoma bila shida, na kusema kweli aliyeibuni alikuwa na akili: saba-bu. Kwa simu endelea. Ukiniandikia barua ya kuomba kazi nitakupigia hesabu ya saba toa saba.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, Igogo. Niliandika kwenye muhtasari, "Mwanachama hakujitoa kwa sababu ya mwenyekiti." Kikao kikagawanyika. Nusu wanasema nimemsifu mwenyekiti, nusu wanasema nimemlaumu. Nilitaka kumsafisha tu. Kosa liko wapi? — Katibu*

Marahaba, binti. Kosa liko kwenye kile kikanusho, na hapa Kiswahili na Kiingereza wanazama shimo moja.

Sentensi yako ina maana mbili. Ya kwanza: mwanachama hakujitoa, amebaki, na aliyembakiza ni mwenyekiti. Ya pili: mwanachama amejitoa, lakini si mwenyekiti aliyemkimbiza. Ile "ha" ya "hakujitoa" inaweza kukanusha kujitoa, inaweza kurukia sababu. Ukisema kwa mdomo sauti inakuokoa. Kwenye karatasi hakuna sauti, na mkato peke yake hautoshi kikao cha watu wenye hisa.

Nalijua shimo hilo kwa sababu nimelala humo. Mwaka 1991 nilikuwa nafundisha shule moja upande wa Sengerema. Siku hizo hakuna Daraja la Kigongo–Busisi, hili la takriban kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025; ulikuwa unakaa foleni ya kivuko jua linakuchoma, mahindi ya kuchoma unayamaliza, na kivuko bado kiko ng'ambo kinakuangalia. Nililalamika sana kuhusu kivuko, mkuu wa shule alinijua kwa hilo. Mama yangu akaugua Magu, nikaamua kuomba uhamisho. Nikaogopa mkuu atadhani ni zile lawama zangu za foleni. Nikaandika barua, kwa Kiingereza maana nilikuwa kijana na nilitaka kuonekana, bila hata kichwa cha habari: "I am not requesting a transfer because of the ferry. My mother is sick in Magu."

Mimi nilimaanisha: naomba uhamisho, na sababu si kivuko. Mkuu akasoma: siombi uhamisho, kwa sababu ya kivuko, na mama anaumwa. Akaniita ofisini, akanipa pole, akanisifu kwa kuipenda shule pamoja na shida ya usafiri, akanipa ruhusa ya siku tatu nikamwone mgonjwa. Nikadhani siku tatu ni za kusubiria barua ya uhamisho. Nilisubiri miezi saba.

Dawa ni kuanza na jambo lenyewe bila kukanusha, kisha ukanushe sababu peke yake. Andika: "Mwanachama amejitoa. Hakufanya hivyo kwa sababu ya mwenyekiti, bali kwa sababu ya kuhama mji." Au, kama alibaki: "Mwanachama amebaki, kwa sababu ya mwenyekiti." Sentensi zinaongezeka, kikao kinapungua. Kwa Kiingereza fanya vivyo hivyo.

Barua yangu ya pili niliiandika kwa Kiswahili, mistari miwili, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: Kuomba Uhamisho. Nilikubaliwa. Mama alikuwa ameshapona zamani, na ndiye aliyekuja Busisi kunisaidia kuvusha godoro.